Jina Langu Usoni Mwake

Nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mteja hata mmoja: mimi sipigi picha. Nina kamera moja tu, na siku ya sherehe inarekodi video tangu asubuhi mpaka watu wanapoanza kukunja viti. Zile picha za mnato ninazowakabidhi watu baadaye, wanazozitia kwenye fremu na kuzitundika sebuleni juu ya televisheni, nazitoa ndani ya video. Naisimamisha pale mtu alipotulia, naitoa fremu hiyo moja, yaani picha moja kati ya nyingi zinazounda video, narekebisha rangi, naiita picha. Mteja akiniuliza, "Na mpiga picha naye atakuja?" hujibu, "Huduma zote zipo." Sijasema uongo. Lakini ukweli nao sijausema.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, nikiwasikiliza watu wanaoongea Kiingereza cha haraka, narudisha nyuma, nasikiliza tena. Sina cheti. Labda ndiyo maana naogopa makosa kuliko wenzangu. Mwenye cheti akikosea, wanasema amekosea. Mimi nikikosea, watasema huyu binti hajui kazi, na nitawaamini.

Ofisi yangu ni nusu ya chumba, Mikumi, kando ya barabara kuu. Nusu nyingine ni saluni, na kati yetu kuna pazia. Malori ya kwenda Zambia yakipita meza inatetemeka, na mimi nasubiri lipite kwanza ndipo nibonyeze kitu, kana kwamba mtetemo huo unaweza kuingia ndani ya picha. Najua hauingii. Nasubiri hivyo hivyo.

Sherehe za huku zina mtindo wake. Ukifika wakati wa zawadi, mshereheshaji anaita kundi moja baada ya jingine: wajomba, mashangazi, majirani, kamati, kwaya, waliosoma na bibi harusi, waliolima na bwana harusi. Kila kundi linaingia likicheza, limebeba vitenge, sufuria, godoro, wakati mwingine mbuzi. Na kila kundi, hata kama ni la watu watatu, litakuja kudai picha yake. Harusi moja inanipa picha mia nne, tano. Zamani nilizitoa moja moja kwa mkono. Simamisha. Mshale wa kulia, mshale wa kushoto, mpaka macho ya wote yawe wazi. Toa fremu. Andika jina la faili. Hifadhi. Rudia. Nilikuwa naweza kutumia nusu saa kwa picha ya majirani sita kwa sababu jirani wa nne alikuwa anapepesa. Nikimaliza harusi kifundo cha mkono kinauma hadi kushika kijiko ni kazi. Mama yangu, aliyeko Kilosa mjini, nilipomlalamikia kwenye simu alicheka. "Wewe unakaa kwenye kiti, mwanangu. Kazi ya kukaa nayo inachosha?"

Inachosha, mama.

Ndipo nikajifunza skripti. Kwa asiyeijua: ni maagizo unayaandika kwa maneno ambayo kompyuta inayaelewa, kisha programu ya kuhariri inayafuata yenyewe bila wewe kugusa kitu. Nilitumia wiki tatu kwa maagizo ambayo sasa ukiyachapa hayajazi ukurasa. Nilichotaka kilikuwa kidogo: niitazame video mara moja tu, niweke alama ya rangi kila ninapotaka picha, halafu skripti iende kwenye kila alama, itoe fremu, iipe jina, iendelee na inayofuata. Siku ilipokubali nilikaa mikono mapajani nikitazama faili zinajipanga kwenye folda, moja, mbili, kumi, hamsini. Mama wa saluni alifunua pazia, kitana mkononi.

"Leo hupigani na mashine?"

"Nimeifundisha kazi. Inafanya yenyewe."

"Sasa wewe utafanya nini?"

"Nitakagua."

"Haya. Umejiajiri unyapara," akasema, na mteja wake aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akacheka kwa sauti.

Alikuwa amesema kweli. Muda wote skripti iliouokoa niliutumia kuikagua. Kisha nikaanza kuiongezea mambo. Nikaifundisha itazame fremu za jirani na alama na kuchagua ile isiyo na ukungu. Nikaifundisha ibandike nembo ya ofisi yangu, jina langu kwa herufi za dhahabu na kivuli kizito nyuma yake, pembeni chini, upande wa kulia, kwa kila picha na kwa video nzima. Niliogopa kuibiwa kazi, mimi ambaye hakuna aliyewahi kuniibia chochote. Mwishoni, baada ya diski kunijaa mara mbili katikati ya kazi, nikaongeza mstari mmoja: ukishatoa picha zote na video ya mteja, futa folda ya video ghafi, zile zilizotoka kwenye kamera. Mstari mmoja tu. Haukuuliza mtu. Haukupeleka kitu kwenye pipa la taka ambako ungeweza kukifuata. Nilijisifu kwamba sasa mfumo umekamilika.

Mwanamke mmoja alikuja Ijumaa asubuhi, masika haya yaliyopita, miguu imejaa tope hadi kwenye pindo la kitenge. Nilimkumbuka kwa shida. Mwaka uliotangulia, baada ya mavuno ya mpunga, nilirekodi harusi ya binamu yake kijijini Tindiga, kwa familia ya Wasukuma iliyohamia kutoka upande wa ziwa na ng'ombe wao miaka mingi nyuma. Siku hiyo alikuwa akigawa soda. Alinizidi umri kama miaka kumi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mama amefariki. Juzi."

Nikampa pole, nikamsogezea kiti. Hakukaa mara moja. Alisimama akiitazama laptopu yangu kama mtu anayetazama mlango.

"Tunazika kesho saa nane. Nimekuja kuchukua picha yake. Kwenye harusi alikuwepo, tangu kunakucha. Wewe ulikuwa na kamera siku nzima, kwa hiyo utakuwa naye."

Akanieleza huku akivuta pumzi. Mama yake alikuwa shangazi wa bwana harusi, mkubwa wa wapishi. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Kwenye simu za watoto na wajukuu walikuwa wamejaa maharusi, keki, wao wenyewe. Yeye alionekana mgongo, au mkono unaopokea sahani. Kitambulisho kilikuwepo.

"Ile ya kitambulisho nimeikataa," alisema. "Alipigwa akitoka kuumwa. Amekaa kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa watu. Mjukuu wake ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza ameishika picha, halafu itatundikwa nyumbani. Huyo mtoto ana miaka minne. Uso atakaoukumbuka ndio huo atakaoubeba. Siwezi kumbebesha ule."

Nilimwambia asijali. Nilisema kwa kujiamini kabisa, kwa sababu niliamini mfumo wangu. Nikafungua folda ya harusi ile: picha mia nne na themanini na kitu, zimepangwa kwa majina. Tukazipitia. Nilikuwa nimeweka alama kwa kila kundi lililotajwa na mshereheshaji. Waliotajwa wote walikuwemo. Wapishi hawakutajwa, kwa hiyo hawakuwa na alama, na penye pengo la alama skripti ilipita tu.

"Mashangazi waliitwa," dada alisema. "Nakumbuka alikimbia kutoka jikoni, hata aproni hakuvua."

Picha ya mashangazi ilikuwepo. Wanawake saba na godoro. Wa mwisho upande wa kulia alikuwa amejifunga kilemba cha njano. Kilemba kilionekana vizuri. Aproni ilionekana vizuri, hadi doa la nyanya. Kati ya kilemba na aproni, kuanzia kidevuni mpaka kwenye nyusi, palikuwa na jina langu kwa herufi za dhahabu.

Niliifungua video ya mteja nikasogeza fremu kwa fremu, mbele, nyuma. Alikuwa amechelewa kufika, akasimama mwisho wa mstari, na mahali hapo hapo akabaki mpaka wimbo ulipokwisha. Kamera ilikuwa kwenye stendi, haikusogea. Yeye hakusogea. Jina langu nalo halikusogea.

"Hilo ni jina la nani?" dada aliuliza.

"Langu. La ofisi."

"Haliondoki?"

"Linaondoka," nikasema, na kwa sekunde chache nikaamini. Nembo inabandikwa juu ya video ghafi. Ukiwa na ghafi unaiondoa kama unavyoondoa kitambaa mezani. Nikafungua mradi wa harusi ile kwenye programu ya kuhariri. Kila kipande kilikuwa chekundu, na juu yake ujumbe kwamba faili haipo. Nikaitafuta folda. Haikuwepo.

Ningeweza kusema diski imeharibika. Watu wa kazi yangu husema hivyo na wateja huamini. Sentensi hiyo ilinifikia hadi kwenye ulimi.

"Nimezifuta, dada."

"Zote?"

"Zote. Kompyuta ilizifuta, lakini mimi ndiye niliyeiagiza."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Kwa nini mtu afute harusi ya watu?" aliuliza, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Nikasema nafasi ilikuwa ndogo. Nilijaribu programu ya kurudisha faili zilizofutwa, lakini juu ya harusi ile nilikuwa nimeshaandika harusi nyingine tano. Simu ya dada ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee, kubwa kiasi kwamba hata saluni walisikia.

"Mmeipata?"

"Bado, baba mdogo."

"Bado nini? Fundi wa jeneza anauliza, wa fremu anauliza. Kama haipo tumieni ya kitambulisho, mtu amekufa hachagui."

"Mimi ndiye ninayechagua," dada alijibu, kisha akaongeza kwa upole, "Naomba hadi saa kumi, baba."

Sasa nieleze kitu ambacho kilikuwa kimenikera kwa miezi. Laptopu yangu ina diski yake ya ndani, tofauti na ile ya nje ninayowekea kazi. Hiyo ya ndani ilikuwa imejaa bila sababu. Kila nikiiwasha, mstari mwekundu: nafasi imekwisha. Nilifuta nyimbo, nikafuta picha zangu za shule, nikafuta programu, na mstari ukabaki mwekundu. Nilikuwa nimeshazoea kuulaani kila asubuhi. Asubuhi ile, nikiwa nimekaa mikono kichwani mbele ya mtoto wa marehemu, macho yakaangukia mstari ule nikajiuliza kwa mara ya kwanza: umejaa nini?

Mashine yangu ni ya zamani. Haiwezi kuhariri video nzito moja kwa moja, kwa hiyo programu hutengeneza kwanza nakala nyepesi ya kila kipande, ndogo, isiyo na ubora, ya kufanyia kazi tu. Programu ilikuwa inaziweka yenyewe kwenye folda yake iliyofichika ndani. Skripti yangu sikuwahi kuiambia kuhusu folda hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua ilipo. Mfumo niliouona umekamilika ulikuwa na tundu, na ndani ya tundu hilo kulikuwa na harusi zote za mwaka mzima. Bila nembo.

Sikumwambia dada mapema. Niliogopa kumpa tumaini la pili. Nilifungua kwanza, nikaona bwana harusi akifungwa tai, ndipo nikasema, "Ninazo ndogo."

"Ndogo ni sawa. Mama naye hakuwa mkubwa."

Nikarudi kwanza kwenye mashangazi na godoro. Jina langu halikuwepo tena juu yake, na nyuma ya jina langu alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa akiutazama ukingo wa godoro aliokuwa ameushika kwa mikono miwili, mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Utosi wa kilemba, ncha ya pua.

Vilibaki vipande mia mbili na zaidi, majina yake namba tupu. Kuvitazama vyote kungetufikisha Jumapili. Nikaandika skripti nyingine, dada amekaa pembeni yangu kwenye kistuli cha saluni. Ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nenda kwenye kila kipande, toa fremu moja kila sekunde tatu, zipange. Basi. Mkono ulitaka kuongeza: ruka zenye ukungu, ruka zenye giza, ruka zisizo na nyuso. Niliandika mstari wa kwanza wa hayo nikaufuta. Kama ningeiacha ichague, ingechagua kama mimi, na mimi nilishachagua mara moja.

Umeme ulikatika tukiwa katikati. Betri yangu haikai hata dakika kumi. Mama wa saluni, aliyekuwa amesikia yote kupitia pazia, alichomoa mashine yake ya kukaushia nywele, akawasha jenereta ndogo anayoitunzia siku za maharusi, akanipitishia waya. "Na wewe mwenye rola kichwani tulia," alimwambia mteja wake, "utakauka kwa upepo wa Mungu."

Picha zilipokwisha kutoka zilikuwa maelfu. Nikaziweka zikiwa ndogo kama stempu, safu kwa safu, nikampa dada kipanya. Hakuwahi kukishika. Nikamwonyesha gurudumu la kushusha. Alishusha taratibu, midomo ikitembea. Miguu. Turubai. Miguu tena. Sikio la ng'ombe. Mambo niliyorekodi nikihama kutoka mahali hadi mahali bila kuzima kamera, mambo ambayo jicho langu lilishayahukumu kuwa takataka.

"Simama. Rudi."

Mimi niliona moshi na kiwiko.

"Ni yeye," alisema. "Hicho kiwiko ni cha kwake."

Nilifungua kipande chenyewe. Nikakumbuka: asubuhi ile nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta mandhari ya moshi na jua, kwa ajili ya mwanzo wa video, na sikuitumia kwa sababu mtu aliingia mbele ya kamera akaiharibu. Nikabonyeza icheze. Moshi, mafiga matatu, sufuria kubwa ya ubwabwa, wanawake wanne. Mgongo wenye kilemba cha njano unageuka, na mama wa watu ananitazama machoni, mwiko umeinuliwa.

"Wewe mwenye kamera! Pisha hapo, ubwabwa unaungua!"

Sikuwa nimefikiria sauti. Nakala zile nyepesi zina sauti. Dada alishika ukingo wa meza.

Kwenye video kamera inayumba, narudi nyuma, nasikika nikisema samahani mama, shikamoo. "Marahaba," anajibu, kisha anawageukia wenzake anasema kitu kwa Kisukuma, wanacheka, na kipande kinaishia hapo.

"Irudie," dada alisema. Nikairudia. "Tena." Mara ya nne nikamwuliza mama yake alisema nini pale mwisho, kwa sababu kwa mwaka mzima, kama ningekikumbuka kicheko kile, ningesema walinicheka mimi.

"Alisema, huyu mtoto amebeba mizigo tangu alfajiri na hajala, mkipakua mwekeeni ukoko."

Nikakumbuka na hilo. Mchana wa siku ile mwanamke mmoja aliniletea sahani ya ukoko wa ubwabwa na maharage, nikakataa. Nilisema asante, nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Niliogopa mafuta ya vidole yasiingie kwenye lenzi.

Kuchagua fremu kulituchukua saa nzima, kosa langu. Nilikuta moja ambayo mdomo umefungwa na mwiko uko nje ya picha. Niliipenda. Dada aliitazama akatikisa kichwa.

"Huyo anasinzia."

"Macho yamefumba kidogo tu, lakini mdomo umetulia. Kwa msiba naona ndiyo yenye heshima."

"Mdogo wangu, mama yangu mdomo wake uliwahi kutulia lini? Rudi nyuma. Rudi. Hapo."

Hapo alikuwa anatamka neno la kwanza, wewe. Nyusi juu, meno ya chini yanaonekana, mwiko umekata kona ya picha. Nilisema naweza kuuondoa mwiko. Alisema niuache. Nilisema baba mdogo atakasirika. "Akasirike," alisema, "yeye ndiye aliyekula huo ubwabwa sahani mbili."

Nikaikuza. Haikukubali kukuzwa, nakala nyepesi ikikuzwa inavunjika vipande vidogo vya mraba, shavu linakuwa kama sakafu ya vigae. Nililainisha, nikaongeza mwanga, nikapunguza. Kwenye steshenari ya jirani walituchapia ukubwa wa karatasi ya kawaida. Ilipotoka kwenye mashine mimi niliona vigae. Dada aliona mama yake. Aliishika kwa ncha za vidole akawa anaipepea wino ukauke, na akasahau kuniaga.

Nilikwenda mazikoni kesho yake kwa bodaboda, tope la Tindiga likiturushia hadi magotini. Kamera niliiacha. Sijui kama ilikuwa heshima au woga. Naweza kuiita lolote kati ya hayo. Niliwaamkia wazee waliokaa kwenye mabenchi, shikamooni, marahaba, nikawapa pole, wakasema wameshapoa, nikasimama pembeni.

Jeneza lilipotoka, mbele yake alitangulia yule mtoto wa miaka minne, picha imemfunika kifua na tumbo, mikono miwili kwenye fremu. Nilikuwa karibu mno. Nilihesabu vigae kwenye shavu. Nikarudi hatua mbili, vikaonekana bado. Nikarudi tena hadi nikagusa ukuta wa zizi, na kutoka hapo vigae vikapotea akabaki mtu mwenye mwiko anayewaambia watu wote waliohudhuria wapishe. Wanawake fulani upande wa kushoto waliangua kicheko, kisha hicho hicho kicheko kikageuka kilio, na sikuweza kuona kilipogeukia. Baba mdogo, ambaye nilimtambua kwa sauti alipotoa tangazo, aliitazama ile picha, akavua kofia.

Baada ya kuzika watu walikaa kwa makundi kula. Nilikuwa naaga kwa macho nitoroke, ndipo mmoja wa wale wanawake akanijia na sahani. Nilimjua. Alikuwa mmoja wa wanne wa kwenye moshi, yule aliyeniletea chakula mara ya kwanza.

"Dada kamera. Leo umeshiba tena?"

"Hapana, mama. Leo nina njaa."

"Kaa chini basi."

Nikakaa kwenye gogo, nikala kwa mkono. Ukoko ulikuwa mgumu, umeungua upande mmoja, una ladha ya moshi. Yeye alibaki amesimama mbele yangu akifuta mikono kwenye kitenge, kama mtu mwenye neno.

"Ile picha," alisema mwishowe. "Pale alipokuwa anakufukuza. Sisi tulikuwa nyuma yake, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimo?"

Nyuma yake wawili wengine walikuwa wameacha kuosha masufuria, wananisikiliza. Nikawaza folda ile iliyofichika, mstari ule mwekundu ambao sasa siwezi kuufuta, maelfu ya fremu zinazohitaji kupitiwa moja moja kwa macho, kifundo cha mkono.

"Umo, mama," nikasema. "Wote mmo."

"Basi nitolee picha yangu kabla sijafa," akasema, akanipokonya sahani akaniongezee.